"Shukuru Uko Hai" Si Dawa ya Kiharusi

Kuna sentensi moja ningependa ipigwe marufuku katika kila nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi, kuanzia Mtongwe mpaka Mishomoroni mpaka Magongo: "Shukuru Mungu, wenzako wamekufa."

Najua mwaisema kwa mapenzi. Lakini hebu tuangalie inafanya kazi gani. Mtu ameamka mkono haunyanyuki, ulimi mzito, chooni anapelekwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Akifungua mdomo kusema "mimi nimechoka", anakutana na wewe na shukrani zako. Basi ananyamaza. Nanyi mwarudi sebuleni mkisema, mashallah, siku hizi ametulia.

Hajatulia. Amekosa wa kumwambia.

Mimi si daktari, na chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo wale wa kuniuliza "wewe ni nani" jibu ndilo hilo. Lakini hili ninalolisema madaktari wamelijua miaka mingi: takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata dipresheni. Mmoja kati ya watatu! Hesabu wagonjwa wa kiharusi mtaani kwako, halafu uniambie ni wangapi wamewahi kuulizwa swali lolote kuhusu moyo wao.

Kiharusi ni ubongo kukosa damu, ama mshipa umeziba ama umepasuka. Ubongo huo huo unaoongoza mkono na mguu ndio unaoongoza usingizi, hamu ya kula, furaha na hamu ya kuishi. Sasa kwa nini tunashangaa ukiumia na huzuni ikaja? Ongeza na yale aliyoyapoteza: kazi, pesa, heshima, chumbani na mkewe au mumewe. Jeraha liko kichwani na liko maishani, yote mawili kwa pamoja.

Ami yangu alikuwa dereva wa lori, akitoa makontena bandarini Kilindini kupeleka Malaba. Mtu wa baraza, mtu wa maneno. Kiharusi kikampiga upande wa kulia na ulimi. Hospitali aliyolazwa, ambayo sitaitaja, ilimtoa na dawa za presha, karatasi ya mazoezi na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyetuambia kwamba huzuni ni sehemu ya ugonjwa. Hakuna aliyesema "mkiona halali, hali, analia au anataka kuwa peke yake tu, mleteni."

Kwa hivyo dalili zilipokuja, mtaa ukazipa majina yake. Alipokataa mazoezi, ati mvivu. Alipomfokea shangazi, ati ana kisirani. Alipolia, ati anadeka. Alipokataa kukaa barazani na wenzake, ati amekuwa na kiburi. Mwisho akaja mtu na lile jina kubwa la Pwani: amechezewa. Tukachangishwa pesa za mganga ambazo zingelipa mtaalamu wa mazoezi mwezi mzima.

Majina matano, na hakuna hata moja lililokuwa ugonjwa. Na kumbuka, kwa wanaume wengi dipresheni haitoki kama machozi. Inatoka kama hasira. Ukingoja mzee wa miaka sitini akuambie "mwanangu, nina huzuni", utangoja mpaka feri igeuke meli.

Haya si mambo ya hisia tu. Mwenye dipresheni anaacha mazoezi, anaacha dawa za presha, anaacha kula. Tafiti zimeonyesha kwamba anapona polepole zaidi na hatari yake ya kufa ni kubwa zaidi. Ile miezi ya mwanzo, ambayo mwili unajifunza upya kwa kasi, ndiyo anayoipoteza akiwa ameuelekea ukuta. Kwa hivyo ukimwambia "piga moyo konde ufanye mazoezi" bila kuitibu huzuni, unamwagiza mtu apande mnazi na umemfunga miguu.

Najua sasa kuna mtu atakuja na dini. Atasema mwenye imani hapati dipresheni, asubiri tu. Ndugu yangu, Nabii Yaaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yakapofuka kwa huzuni. Utamwambia naye imani yake ilikuwa ndogo? Na Mtume wetu alitwambia tutafute matibabu. Msomee mgonjwa dua, hilo jema. Mpake mafuta ya habasoda, umkande. Lakini mbona presha mnaipeleka hospitali na hamwiiti ukosefu wa imani? Subira ni ya mgonjwa kuichagua mwenyewe, isiwe kitambaa cha kumziba mdomo.

Halafu tuje kwa wakubwa.

Mwaka 2020, jopo kazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliitaka serikali itangaze maradhi ya akili kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikafanyiwa marekebisho. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jela, kinakwenda kinyume na Katiba. Nairobi karatasi zinasonga. Huku bara ya Mombasa, nani amemuuliza mgonjwa wa kiharusi wa Likoni analala saa ngapi?

Afya iko mikononi mwa kaunti, kwa hivyo tusisingizie Nairobi. Na tuseme ukweli kuhusu jina la Port Reitz. Ni hospitali kama nyingine, inatibu kila kitu, lakini kwa sababu ina kitengo cha akili, Mombasa nzima imeligeuza jina lake kuwa tusi. "Huyu apelekwe Port Reitz." Halafu unataka mzee wa Kisauni aliyepata kiharusi akubali kuandikiwa kwenda huko? Familia itaificha ile karatasi chini ya godoro. Huduma hiyo ingekuwa mle mle anamopimwa presha, kwenye chumba kile kile cha mazoezi, hakuna ambaye angejua wala kusema.

Na usafiri je? Sisi wa Likoni kliniki yetu ya mazoezi ilikuwa kisiwani. Kumsukuma mtu mzima kwenye kiti cha magurudumu katikati ya umati wa feri asubuhi, maji yakiwa yamekupwa na ile njia ya kushukia imekuwa mteremko mkali, ni kazi ya vijana wawili na jasho. Watu wanakutazama. Wengine wanakusogezea shilingi ishirini wakidhani mwaomba. Mtu aliyekuwa akiendesha lori la magurudumu ishirini na mbili anapewa sadaka feri. Baada ya safari tatu akisema "siendi tena", huyo ni mvivu?

Msiniambie pesa hazipo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii laki moja, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Hao wanaingia majumbani mwetu. Maswali mawili ya kuanzia hayahitaji mashine wala betri: katika wiki mbili zilizopita, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Jibu likiwa ndiyo, anapelekwa kwa daktari. Dakika mbili tu. Na yaulizwe kila akitembelewa, maana dipresheni inaweza kuja miezi kadhaa baada ya kutoka wodini. Asiyeweza kuzungumza, muulizeni anayemlisha: analala, anakula, analia?

Tiba ipo pia. Kuna mazungumzo na mshauri, na kuna dawa. Fluoxetine, kwa mfano, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, si kitu cha matajiri wa Nyali. Ila usiende kununua mwenyewe dukani. Daktari lazima aangalie inavyokaa na dawa nyingine za kiharusi, hasa za kuzuia damu kuganda, na mjue inachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Msiitupe siku ya nne mkisema haisaidii.

Nanyi wa nyumbani, kazi yenu ni hii. Muulizeni halafu nyamazeni, jibu lije lenyewe. Mpeni uamuzi, hata wa kuchagua mboga ya leo. Msimzungumzie mbele yake kama hayupo. Mshikeni mkono na yule anayemhudumia, mara nyingi ni mama au binti, kwa sababu naye anaungua kimya kimya. Na mgonjwa akisema afadhali afe, msicheke wala msimkemee. Kaeni naye, msimwache peke yake, na mtafute msaada siku hiyo hiyo. Namba ya bure ya Red Cross ni 1199.

Kaunti ya Mombasa, wekeni maswali yale mawili kwenye kila kliniki ya presha na ya mazoezi, Likoni, Kisauni na Changamwe. Tutarudi kuuliza kama mmeyaweka.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, una mgonjwa ndani au jirani. Leo usimwambie ashukuru. Muulize amelalaje.