Safari ya Kariakoo na watoto: Tazama sufuria kabla ya kiti

Shule zikifungwa, Kariakoo hujaa familia. Wapo wanaoshuka na treni ya SGR kutoka Morogoro na Dodoma, wapo wanaovuka na boti kutoka Zanzibar, na wengine hutoka Komoro na Kongo kufuata mzigo. Wote huzunguka madukani kutafuta nguo, viatu na mabegi ya shule. Ikifika saa saba mchana, swali huwa moja: watoto wale wapi?

Wazazi wengi hujibu swali hilo kwa kuangalia mwonekano. Huyapita mabanda ya mama lishe na kutafuta sehemu yenye kiyoyozi, viti vizuri na orodha ndefu ya vyakula yenye picha. Wengine hawatafuti kabisa. Humnunulia mtoto sambusa na juisi ya barabarani ili wawahi kumaliza manunuzi. Njia zote mbili zinaweza kumfanya mtoto aharishe usiku huohuo, tena gesti, mbali na nyumbani.

Kinachomlinda mtoto si kiti wala kiyoyozi. Ni muda ambao chakula kimekaa tangu kiive, moto ulio chini yake na usafi wa mikono inayokipakua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kipikwe hadi katikati yake pafikie nyuzi joto 70, kisha kitunzwe kikiwa na joto linalozidi nyuzi 60. Kisiachwe nje ya moto au friji kwa zaidi ya saa mbili. Kwa joto la Dar es Salaam, saa hizo mbili ni nyingi.

Wali ni mfano mzuri. Uliokaa muda mrefu ukiwa vuguvugu unaweza kuota bakteria wanaotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa tena. Ndiyo maana mtoto anaweza kutapika baada ya kula sahani iliyofika mezani ikifuka moshi.

Ufaransa kuna migahawa midogo ya mtaani iitwayo bistro. Mingi huandika vyakula vichache vya siku hiyo kwa chaki ubaoni, na wateja wengi huamini ubao mfupi kuliko orodha ndefu. Mama lishe wa Kariakoo hana ubao, lakini kazi yake ni hiyohiyo. Ana sufuria tatu au nne: wali, maharage, nyama, pengine ugali na samaki. Amepika asubuhi, anapakua mchana, na akibahatika saa nane zimeisha. Mgahawa wenye vyakula 40 na wateja wawili una kazi ngumu zaidi ya kuhakikisha hakuna kilicholala.

Hii haina maana kwamba kila banda ni salama. Mzazi mgeni anaweza kusimama dakika moja kabla ya kuagiza na kukagua mambo matatu.

La kwanza ni foleni. Wabeba mizigo na wauza maduka hula hapo kila siku, na banda linalowaumiza matumbo hawarudi. Wateja wengi pia maana yake sufuria inaisha haraka. Muda mzuri ni kati ya saa sita na saa nane mchana. Saa kumi kinachobaki mara nyingi ni kiporo cha mchana.

La pili ni mikono. Je, kuna ndoo yenye koki na sabuni? Anayepakua chakula ndiye anayepokea pesa? Anatumia upawa au vidole? Beseni moja la maji ambamo kila mteja huchovya mkono ni sababu tosha ya kuondoka.

La tatu ni vyombo. Sahani zinazosuuzwa kwenye maji yaleyale yaliyokwisha kuwa meusi hurudisha uchafu kwenye chakula kilichopikwa vizuri.

Kwa watoto, chakula kinachotoka motoni mbele ya macho ndicho cha kwanza kuchagua. Jioni, Mtaa wa Libya una kuku wa kuchoma kwenye mkaa, na Soko la Samaki la Feri samaki hukaangwa hapohapo. Kuku asiwe na damu karibu na mfupa. Kachumbari, matunda yaliyokwisha kukatwa, na juisi yenye barafu isiyojulikana maji yake yalikotoka ni bora visubiri nyumbani. Ndizi mbivu au chungwa linalomenywa na mzazi mwenyewe, kwa mikono safi, ni salama zaidi. Maji yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa na kubebwa kutoka nyumbani. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji chochote kati ya hivi. Maziwa ya mama yanamtosha, hata safarini.

Hata kwa uangalifu wote, tumbo linaweza kuchafuka. Pakiti mbili za ORS kwenye begi ni mzigo mdogo. Zichanganywe na maji safi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Kila baada ya choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka miwili anyweshwe mililita 50 hadi 100, na mkubwa zaidi 100 hadi 200, kidogo kidogo. Akitapika, mzazi asubiri dakika kumi kisha aendelee polepole. Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14 kwa kipimo cha mhudumu wa afya. Antibaiotiki za kununua dukani bila kupimwa hazifai.

Mtoto mwenye damu kwenye choo, macho yaliyozama, anayetapika kila kitu, anayelegea au kushindwa kunywa asisubiri asubuhi. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko jirani na Kariakoo, na Muhimbili iko Upanga.

Manunuzi yanaweza kuahirishwa hadi kesho. Mtoto anayepoteza maji hawezi kusubiri.