Hasheem Thabeet Hakufeli, Acheni Hiyo Stori

Wasee, ile listi ya "wachezaji waliofeli kabisa NBA" imerudi tena, na kama kawaida Hasheem Thabeet yuko hapo juu. Wanaocheka sana si hata Wamarekani. Ni nyinyi, watu wa Kitui, Mwingi na Wote. Ati Memphis waliacha James Harden na Stephen Curry wakachukua mlingoti wa stima kutoka Bongo. Sawa, chekeni. Mkimaliza tuongee.

Huyu jamaa alizaliwa Dar mwaka wa 1987. Basketiboli alianza akiwa na miaka 15. Kumi na tano! Rika lake kule Marekani lilikuwa limeshika mpira tangu utotoni. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua namba mbili, Mtanzania wa kwanza kufika NBA, senta wa mita 2.21 ambaye msimu huo huo aliisaidia timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut kufika nne bora.

Sasa hapa ndipo huwa mnaruka. Memphis ilikuwa timu ya aina gani? Walikuwa wamemuuza Pau Gasol 2008, na msimu uliofuata wakapoteza mechi 58 kati ya 82. Timu ikiwa hivyo inaambia mashabiki kitu kimoja: vumilieni, tunajijenga upya. Mashabiki waliambiwa wavumilie. Dogo hakuvumiliwa. Pale kwa senta tayari kulikuwa na Marc Gasol, na kiangazi hicho hicho wakamleta Zach Randolph. Thabeet akapewa kama dakika 13 kwa mechi. Pointi 3.1, rebaundi 3.6, na mashuti 1.3 aliyozuia kwa hizo dakika chache, namba ambayo hamuisomangi.

Msimu ulianza Oktoba. Februari 2010 wakamtuma Dakota Wizards, ligi ya chini, na hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu hivyo alikuwa ametumwa huko kabla yake. Februari 2011 wakambadilisha na Shane Battier wa Houston. Aprili, Battier akafunga ile tatu iliyowaua San Antonio mechi ya kwanza, Memphis wakashinda raundi. Kwa hivyo timu ilijengeka, ndio. Yeye alikuwa tofali la kubadilishana.

Sisemi angekuwa Curry, tusidanganyane. Faulo zilikuwa zinammaliza na mikono ilikuwa bado haijazoea mpira. Lakini si walijua? Walimchagua wakijua ni mbichi! Makueni nzima hakuna mkulima anayepanda mwembe Oktoba halafu anaukata Februari akisema hauzai. Hata ule wa kupandikizwa unaupea kama miaka mitatu, na huo ni mti, hausomi magazeti yakiuita hasara.

Na mimi hii haniumi kwa sababu ya Memphis. Kuna dogo hapa Kitui, kidato cha pili, akiingia darasani anainama mlangoni. Walimweka chini ya ringi muhula mmoja, akadondosha mipira, wakampa kazi ya kubeba maji ya timu. Sasa mtaani anaitwa Thabeet, na si kwa kumsifu. Msee, hilo jina mmeligeuza tusi! Jina la mtu aliyecheza zaidi ya mechi 200 za NBA, akavaa jezi ya Oklahoma City akiwa na Kevin Durant, na baadaye akaendelea kulipwa kwa kucheza Japani na Taiwan. Wewe unayecheka, umelipwa wapi na mpira?

Mimi pia niliacha kampasi, na najua vile watu huandika matanga yako ukiwa hai na miaka 20. Kocha wa huyo dogo, kama unasoma hii: mtoe kwa maji. Mpe mpira mpaka amalize kidato cha nne, kila jioni, hata akidondosha mia.