Mbasa Apishwe Njia
Juzi stendi ya Mbinga nilimwona kijana akifunga kwenye bodaboda mfuko wa vifaranga vya sato, maji yakicheza, vidomo vikigonga plastiki. Hatua chache pembeni, mama kutoka Lituhi alikuwa amepanga mbasa wa moshi. (Nilinunua kwa mama, tumbo lina chama chake.) Bwawa la kufugia sato si adui, kitoweo huku milimani ni cha shida. Ila mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa, hupanda mto Ruhuhu kwenda kutaga mvua zikikolea, na wazee wa ufukweni husema mwenye safari ya uzazi hazuiliwi njiani. Siku hizi nyavu humsubiri mlangoni mwa mto. Na sato? Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu bwawa likifurika huingia mtoni na kuzaana hata na perege wa jamii nyingine. Ziwa Victoria sato aliletwa miaka ya 1950; leo ngege, perege wa asili wa ziwa hilo, ni wa kutafuta kwa tochi. Kumwaga sato huku tukimfungia mbasa njia ni kuwarithisha watoto ziwa la watu wengine. Maofisa uvuvi, tugawieni vifaranga vya perege wa Nyasa, na mlango wa Ruhuhu uachwe bila nyavu masika yote.