Arusi Imekwisha: Turudi au Tubaki?



Mwaliko wa arusi ya binti wa dada yetu ulipofika, tulifurahi, kisha tukapiga hesabu tukanyamaza. Bwana arusi ni Mwitaliano, na arusi ilikuwa ifanyike kwao Puglia, mkoa ule ulio kama kisigino katika ramani ya Italia. Nauli ya watu wawili ingemaliza fedha za mabati tuliyokuwa tukiyadunduliza. Tulibishana siku mbili, kwani tulidhani ni safari ya siku nne tu.

Hatimaye baba watoto akasema, "Nauli ya siku nne na ya siku kumi ni ile ile. Na tangu tuoane, tumepumzika wapi pamoja?" Hatukuwa na jibu.

Akina mama wengi sasa wana watoto na ndugu wanaooa ng'ambo, kwa hiyo tunawaeleza tuliyojifunza.

Kwanza, hesabuni siku kabla ya kuomba viza. Viza ya Italia ni ile ya nchi za Schengen, na juu yake huandikwa idadi ya siku mnazoruhusiwa kukaa. Mkiomba siku za arusi peke yake, hamtaongezewa kwa ajili ya matembezi. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, nayo ifike hadi siku ya mwisho ya kukaa.

Pili, waacheni maarusi. Dada alitusihi tubaki kwa wakwe, watu wakarimu kweli. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jembe la Kiitaliano hatujui kulishika! Tuliaga kwa shukrani, tukapanda treni kwenda Bari.

Tatu, chagueni mkoa mmoja. Wengine walitushauri tukimbilie Roma na Venice. Tulikataa, maana fedha na siku zingeishia njiani. Tulikaa Bari, kisha Lecce, basi.

Katika mji wa kale wa Bari, akina mama huketi milangoni wakitengeneza orecchiette, tambi zenye umbo la masikio madogo. Mmoja alitupa donge la unga tujaribu. Vidole vilivyozoea chapati vilishindwa, naye akacheka nasi, ingawa hatukuwa na lugha moja. Huko ndiko liliko kanisa la Mtakatifu Nikolao, ambaye mifupa yake mabaharia waliileta kutoka Myra mwaka 1087.

Siku moja tulikwenda Alberobello kuona trulli, nyumba zenye paa la mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji. Husimuliwa kwamba zilijengwa hivyo ili zibomolewe upesi watoza kodi wa mfalme wakija. Sisi wenye shida ya paa tuliziangalia kwa makini!

Msisahau kwamba tiketi ya karatasi ya treni za mkoa hugongwa muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda. Maduka mengi hufungwa mchana. Nyumba za wageni hutoza pia kodi ya mji kwa kila usiku.

Jioni moja huko Lecce, tukiwa tumeketi kwenye benchi, tulizungumza habari za kijana wetu aliyeacha shule. Nyumbani tulikuwa tumelikwepa neno hilo mwaka mzima, kila mmoja akimlaumu mwenzake kimoyomoyo. Tulilia kidogo, kisha tukapatana la kufanya.

Mabati bado hatujanunua, na mvua ya mwaka huu imetukuta na ndoo zetu sakafuni. Hata hivyo hatujuti. Lakini mama, kama fedha ni za kukopa, shangilia arusi, kula keki, urudi nyumbani siku ya pili bila aibu. Benchi la kuzungumzia lipo hata uani kwako.

Hadi mwezi ujao, kwaherini.