Idjwi: kwa nini bei ya esansi inapanda mara mbili

Bei ya esansi ikipanda Bukavu ao Goma, kisiwani Idjwi inapanda zaidi. Muuzaji wa kandokando ya njia anajibu kifupi: «Ile njo bei ya leo.» Motari analipa, anaondoka akisema huyu ni mwizi. Ni mwizi kweli? Tuangalie kwanza namna esansi inatufikia.

Mafuta mengi ya Kivu yanashuka kwa meli Mombasa ao Dar es Salaam, kisha yanasafiri kwa kamiyo zaidi ya kilometa elfu moja. Kwa mtu wa Bukavu, safari inaishia pale. Kwa sisi wa Idjwi, bado. Teritware yetu iko katikati ya ziwa Kivu, daraja hakuna. Mafuta yanamiminwa ndani ya bidoni, yanapakiwa mtumbwi wa motere, na motere yenyewe inakunywa esansi.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Mtumbwi unabeba bidoni 20 za lita 20, ni kusema lita 400. Kwenda na kurudi unatumia lita 40. Lita moja mjini ikiongezeka franka 1.000, safari nayo inaongezeka franka 40.000. Ukigawanya kwa lita 400, ni franka 100 juu ya kila lita. Basi mtu wa mjini anaongeza 1.000, wa kisiwani 1.100. Na kama muuzaji ana feza ya bidoni 5 tu, kwa safari ileile, zile 100 zinakuwa 400.

Hapo ndipo shida kubwa iko: mizigo midogo. Wauzaji wetu wengi wana mtaji mdogo, na hali imekuwa ngumu zaidi tangu benki zilifunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, M23 ilipoingia katika miji hiyo.

Muuzaji wa bidoni mbili ao tatu hawezi kukodi mtumbwi peke yake. Anaziweka ndani ya boti ya wasafiri, kati ya wamama, watoto na magunia. Ni njia ya bei rahisi, lakini ni njia ya hatari. Bidoni moja ikivuja, sigara moja inatosha. Na kila bidoni inaongeza uzito. Hatujasahau tarehe 3 Oktoba 2024: boti iliyotoka Minova, ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa.

Leta inapanga bei ya mafuta kwa eneo: magharibi, mashariki, kaskazini na kusini. Lakini ile bei ni ya pompi. Chupa inayouzwa kijijini Idjwi haina mtu wa kuichunguza, si bei, si kama imechanganywa na petroli ya taa. Anayeumia si motari peke yake. Ni mama anayepeleka mihogo kwenye mashini ya kusaga, na ni mgonjwa anayepaswa kuvushwa usiku kwenda Bukavu, wakati familia inatafuta kwanza esansi ya boti.

Tusitafute mwizi tu. Chama cha motari, wenye mashini na wenye boti wanaweza kununua pamoja, mzigo mmoja mkubwa, ndani ya mtumbwi usiobeba wasafiri. Viongozi wa shefferi za Rubenga na Ntambuka wanaweza kuonyesha mahali pa kuweka mafuta, mbali na nyumba na soko. Na muuzaji aandike kwenye kibao: bei ya mjini, pesa ya safari, faida yake. Kama faida imepita kiasi, kila mtu ataiona. Kama ni ziwa ndilo lililokula pesa, motari naye atajua.