Tuuzieni Photoshop ya Linux, Pesa Tuko Nazo

Kuna jambo sisi wapiga picha wa Thika na Ruiru hatulisemi kwa sauti, basi leo nalisema. Hatuombi programu za bure. Tunataka kuuziwa, na mwenye duka ndiye amekataa kutufungulia.

Nianze na wale hawajui hii story. Wengi wetu tunafanya kazi na laptopu za ex-UK, zile zilizotumika kwa ofisi za Uingereza halafu zikaletwa huku. Yangu ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6. Ni mashine ngumu, haina neno. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hivyo uko na njia tatu: ununue mashine nyingine, ukae na Windows iliyoachwa nyuma, ama uweke Linux. Mimi niko na Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka wa 2004. Hata jina lake ni la kwetu, ni ule ule utu. Laptopu ikawa nyepesi tena, na sikutoa hata bob.

Sasa njoo kwa kazi yenyewe. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na leo sehemu kubwa ya riziki yangu ni kupiga picha za mahafali, MKU hapa Thika na Zetech kule Ruiru. Napiga picha asubuhi, mteja anaitaka jioni, ngozi iwe safi na yule jamaa aliyepita nyuma na soda aondolewe. Hiyo kazi inataka programu ya maana.

Photoshop ya Linux haiko. Lightroom ya Linux haiko. Affinity ilinunuliwa na Canva mwaka wa 2024, na mwisho wa Oktoba 2025 ikafanywa ya bure, lakini ni ya Windows na Mac. Yaani hata cha bure kinatupita kwa stage kama matatu ya 237 iliyojaa.

Na mtu asiniambie ati haiwezekani. Miaka ya 1990 Photoshop 3 ilitengenezewa kompyuta za Unix za Silicon Graphics na Sun, na Unix ndiyo Linux ilifuata mfano wake. DaVinci Resolve, ambayo inatumika kurekebisha rangi za filamu kubwa duniani, ina toleo la Linux na kuna lile la bure kabisa. Kisha chukua simu yako. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na Lightroom iko hapo miaka mingi sasa. Simu yangu ya mfukoni inakubaliwa, laptopu yangu ya kazi inakataliwa. Hiyo ni hesabu ya biashara tu.

Najua hesabu yenyewe. Statcounter, wanaopima matumizi ya intaneti, Februari 2024 walipata Linux iko kwa asilimia 4 na kidogo ya kompyuta za mezani na laptopu duniani. Kampuni inaona ni watu wachache na inatuacha. Lakini wapiga picha watahamiaje Linux kama hawana cha kufanyia kazi? Ni kama kukataa kujenga daraja kwa sababu hakuna mtu anaogelea kuvuka mto.

Kuna wenye wataniambia, "Si utumie GIMP uache kulia?" Natumia. Natumia pia darktable kwa picha ghafi kutoka kwa kamera, na kwa hiyo sina malalamiko mengi, inafanya kazi ya watu wazima. GIMP ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, mwaka wa 1995, na watu wa kujitolea wameibeba mpaka leo. Nawapa heshima zote. Lakini heshima haifuti ukweli. Tabaka za kubadilisha rangi bila kuharibu picha ya chini zilikuwa kwa Photoshop tangu 1996. GIMP ilipata njia yake ya kuweka mabadiliko unayoweza kuyarudia baadaye ilipofika toleo la 3.0, Machi 2025. Na bado huwezi kufanya kazi moja kwa moja kwa rangi nne za wino ambazo mashine za uchapishaji zinatumia. Krita inaweza, lakini Krita ni ya wachoraji zaidi. Mteja wa bango akinitumia faili ya PSD yenye tabaka thelathini, naomba Mungu ifunguke vile ilitoka.

Wengine wanaendesha Photoshop za zamani kwa Wine, ile programu ya kuwezesha vitu vya Windows kufanya kazi kwa Linux. Sawa, jaribu. Lakini mimi siwezi kutundika kazi ya mteja kwa kamba kama hiyo siku ya mahafali.

Tuongee pesa sasa. Mpango wa picha wa Adobe ni kama dola 20 kwa mwezi, karibu shilingi 2,600. Nikiuza picha moja 150, ni picha 18. Inauma, sikatai, lakini ni gharama kama gharama nyingine za kazi. Kadi ya M-Pesa GlobalPay iko tangu 2022, kwa hivyo hata njia ya kulipa si shida tena. Shida ni kwamba nikifika na pesa yangu hakuna bidhaa ya mashine yangu.

Halafu kuna ile suluhisho kila mtu anakunong'onezea: rudi Windows, fundi akuwekee Photoshop ya wizi kwa mia tano. Mimi naipinga, na sababu yangu kubwa si hata virusi, ingawa virusi viko. Kila Photoshop ya wizi inamfundisha mtu mmoja zaidi kwamba bila Photoshop hakuna kazi. Mwenye programu anabaki mfalme na sisi tunabaki bila jina. Hatuhesabiwi kama wateja, wala hatuhesabiwi kama watu wa Linux. Mwizi hapewi kura kwa mkutano wa wanunuzi.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Adobe na Canva, tuwekeeni toleo la Linux na bei, sisi tutaamua kama tunaweza. Valve ilitoa Proton mwaka wa 2018 ili michezo ya Windows ichezwe kwa Linux, na leo maelfu inachezwa. Kama michezo inaweza, picha pia. Vyuo vya hapa kwetu, fundisheni mwanga, rangi na matabaka, msifundishe vitufe vya programu moja ambayo mwanafunzi hawezi kulipia akitoka hapo. Na wachapishaji wa mabango, kubalini PDF na TIFF bila kuniuliza "PSD iko wapi?"

Sisi tunafanya kazi. Wanafunzi wanavaa majoho, wanasimama mbele ya kamera, wanalipa. Kuna soko hapa kando ya Thika Road, na linatumia mashine zilezile Uingereza ilichoka nazo. Atakayekuja kwanza na programu ya maana na bei ya kueleweka atatupata tukiwa tayari na pesa mkononi.