Kakao yatoka kwa magunia, chokoleti ya uongo yarudi kwa katoni

LUOFU, Lubero – Katika vibanda vya Luofu, kati ya sabuni, biskuti na betri za redio, huonekana vipande vya rangi ya udongo vilivyofungwa kwa karatasi inayong'aa. Watoto huviita shokola. Vimevuka mpaka wa Kasindi, vikapita Beni juani, vikafika Butembo, kisha vikapanda pikipiki kwenda kusini kila barabara inaporuhusu. Anayesoma maandishi madogo mgongoni mwa karatasi mara nyingi hukuta sukari imetangulia, mafuta ya mimea yanafuata, na kakao iko nyuma kabisa, kama mgeni aliyealikwa kwa kulazimishwa.

Kakao yenyewe inalimwa karibu. Inatoka Mangina, Oicha, Mbau, Eringeti, Watalinga na Mutwanga, katika teritware ya Beni. Inachachushwa siku tano au sita, inaanikwa, inatiwa katika magunia na kuondoka bila hata kukaangwa. Sehemu yake hupita Kasindi kwa njia ya magendo na kuitwa kakao ya Uganda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika jambo hilo katika ripoti zao. Yaani mpaka mmoja unapitisha kakao ya kweli ikitoka na chokoleti ya uongo ikiingia, na pande zote mbili kuna anayekula faida. Mkulima hayumo.

Ukiuliza kwa nini hakuna chokoleti nzuri sokoni, wenye maduka hujibu neno moja: joto. Wana ukweli nusu. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu na digrii 34, na chini ya turubai la gari kubwa, au dukani Beni chini ya mabati saa nane mchana, digrii hizo si jambo la ajabu. Chokoleti ikishayeyuka na kuganda tena hutoa weupe juu, watu wakadhani imeoza. Haijaoza, ila ladha imeharibika na mteja harudi. Kuiweka katika frigo kunataka umeme, na jenereta inakunywa mafuta ya bei ghali.

Basi viwanda vya mbali vilipata dawa yao: kutoa mafuta ya kakao na kuweka mafuta ya kokwa za mawese yaliyogandishwa, ambayo yanavumilia jua. Umoja wa Ulaya unaruhusu mafuta mengine ya mimea yasizidi asilimia 5 katika kitu kinachoitwa chokoleti. Vipande vingi vinavyoletwa huku haviwezi kupita mlango huo. Huku vinapita, na mama anatoa franka zake akiamini amemnunulia mtoto chokoleti.

Lakini joto si la kila mahali. Butembo ni mji wa milimani, watu wanavaa koti asubuhi. Luofu nayo haina jua la Beni. Mfanyabiashara wa Butembo anayesingizia joto aseme ukweli wake: katoni ya uongo inamletea faida ya haraka na haimletei kazi.

Tena nani alisema kakao lazima iliwe ikiwa kipande kigumu? Huko Mexico na Ufilipino watu wanakaanga mbegu, wanamenya, wanasaga mpaka uji mzito, wanafinyanga vidonge na kuvitia katika maji ya moto. Kidonge kama hicho kikilainika juani hakipotezi kitu, maana mwisho wake ni sufuria. Hakihitaji frigo wala karatasi ya kung'aa. Mashine ya mkono inayosaga karanga, ambayo akina mama wengi wa Lubero na Beni wanaijua, inaweza kuanza kazi hiyo. Nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta. Kijiko kimoja katika uji wa mahindi huongeza nguvu. Si dawa ya utapiamlo, na asitokee mtu wa kuiuza kambini kwa jina hilo.

Kwa familia zilizohama, habari hii ina uchungu mwingine. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamefukuza watu mashambani kuzunguka Beni. Miti ya kakao haihami. Inaendelea kuzaa, na anayevuna si aliyepanda. Mwaka 2024 bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, na mwezi Desemba ikapita 12,000. Watu wa New York na London walilia kwa sababu ya bei ya peremende za sikukuu. Mashambani, bei hiyo ilimaanisha kwamba gunia moja linatosha kumfanya mtu auawe. Mzee aliyekimbia Eringeti anakaa Butembo kwa jamaa, anasikia redioni kwamba kakao imepanda, na hajui gunia lake limepimwa kwenye mizani ya nani.

Mnunuzi anajua. Mtu anayeleta kilo mia mbili kutoka eneo ambalo wenyewe wamekimbia, bila shamba wala jirani wa kumtambua, hawezi kuwa fumbo kwa mwenye depo. Asiyeuliza amechagua kutouliza.

Wengine watasema mhami anataka pesa leo, haitaji hadithi za vidonge. Ni kweli, na hakuna anayemwambia aache kuuza. Lakini waliofika kutoka Kanyabayonga, Kayna na Kirumba baada ya Juni 2024 hawana kakao ya kuuza, wana mikono. Kukaanga na kusaga ni kazi ya mikono, na kwa sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa nje ya nchi. Mutwanga kuna kiwanda kidogo cha chokoleti kinachotumia umeme wa maji wa Virunga, na chokoleti yake inauzwa mpaka Ubelgiji. Kimeonyesha kwamba inawezekana. Hakikuwekwa kwa ajili ya mfuko wa mama wa Luofu, na hapo ndipo vyama vya wakulima na wafanyabiashara wa Butembo, wanaopenda kujisifu kwamba walijenga mji bila serikali, wanapaswa kuonekana.

Waanze na mambo mawili. Kila depo iandike kijiji, shamba na jina la mwenye shamba kabla ya kupima, na orodha ya mashamba yaliyoachwa iwekwe kwa wakuu wa vijiji na mashirika ya raia ili mhami aweze kuleta jina lake. Na katika kila tani inayokwenda Kasindi, magunia machache yabaki Butembo, yakaangwe.